TAHADHARI: Anayeuza "kifurushi cha Unguja" WhatsApp ni tapeli

Jamani, kama una mgeni kutoka nje anayejiandaa kuja Unguja, soma hii kabla hujatuma hata shilingi. Kuna mtu (au watu, maana sauti kwenye jumbe zake hazifanani) anajitangaza Facebook kisha anakuhamishia WhatsApp. Anauza "kifurushi kamili": nyumba ya ufukweni Jambiani, tiketi za boti kutoka Dar na bima ya lazima ya wageni. Bei nzuri, Kiingereza kizuri, anajibu hata saa nane za usiku. Nyumba haipo, tiketi hazimpandishi mgeni boti, na bima ni karatasi tupu.

Jina lake silitaji kwa sababu halina maana, analibadilisha kama shati. Mbinu ndiyo haibadiliki.

Waliopigwa safari hii ni Wajerumani, mke na mume, wageni wa jamaa yangu wa Dar. Na hapa pana jambo la kuangaliwa vizuri: tapeli hakutaka kulipwa na wageni wenyewe. Aliwaambia kadi zao "zinagoma" kwenye mfumo wake, hivyo wamwombe mwenyeji wao awalipie kwa simu. Jamaa akalipa. Pesa ya simu inatolewa kwa wakala dakika hiyohiyo, na mgeni hana muamala wowote wa kwenda kuulalamikia benki yake. Kwa hiyo shabaha ni sisi wenyeji. Wageni wanaonyana sana huko kwao, sisi tunaolipa kwa niaba yao tunakaa kimya kwa aibu.

Namba ya kwanza aliyotoa ilileta jina la mwanamke. Ya pili ikaleta jina la mwanamume mwingine kabisa. Alipoulizwa akasema ni "mhasibu wetu". Lile jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri limewekwa kwa kazi hiyo, lisome. Biashara ya kweli ya kupangisha nyumba ina lipa namba yenye jina la biashara, au ina akaunti ya benki.

Siku ya safari wakaenda bandarini Dar kuwahi boti ya asubuhi. Mlangoni wakazuiwa. Tiketi zilikuwa za kweli, na huo ndio ujanja wenyewe: nauli za boti ziko mbili, ya mwenyeji na ya mgeni, na ya mgeni iko juu. Huyu bwana ananunua ya mwenyeji, anaiuza kwa bei ya katikati, mgeni anaona kaokoa kitu. Ukipiga simu kuuliza kama tiketi ipo, utaambiwa ipo. Ila mlangoni wanaangalia pasipoti, na mgeni mwenye tiketi ya mwenyeji hapiti. Wale vijana wa mlangoni hawana kosa, msiwagombeze. Papasi wa pale bandarini, wale madalali wanaowaandama watalii, wamecheza mchezo huu miaka nenda rudi, na vitambulisho vya kujitengenezea shingoni. Huyu kauhamishia kwenye simu tu. Tiketi inunuliwe dirishani kwenye ofisi ya kampuni ya boti au kwenye tovuti ya kampuni yenyewe, kwa pasipoti ya anayesafiri.

Jamaa akampigia tapeli. Majibu matamu: samahani sana, ni mfumo, nunueni nyingine nitarudisha, ila malizieni salio la nyumba leo maana kuna familia ya Kifaransa inaitaka. Hapo jamaa akashtuka, akanipigia mimi. Nilikuwa Paje kwa shughuli zangu, na Jambiani ni kijiji cha pili tu. Nikamwambia mwombe picha ya ufukwe wa mbele ya nyumba, ipigwe sasa hivi.

Picha ikaja baada ya dakika chache. Nzuri mno. Maji ya buluu yamejaa mpaka kwenye ngazi za baraza, mnazi umeinama, kiti cha kamba kinaning'inia. Ilikuwa saa nne asubuhi, na mwezi mpevu ulikuwa umepita juzi yake tu. Mtu wa pwani ya mashariki akisoma hapa ameshacheka. Bamvua hilo, siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana! Saa hiyo maji yalikuwa yamekupwa mpaka kule kwenye mwamba, ngalawa zimelala ubavu mchangani, na mbele yangu kina mama walikuwa wameinama kwenye vigingi vyao vya mwani, maji hayafiki magotini. Hakuna ngazi ya baraza Jambiani nzima iliyokuwa inagusa maji muda ule. Aliyepiga picha ile aliipiga siku nyingine, na pengine bahari nyingine. Nikachukua bodaboda nikaenda kwenye alama ya ramani aliyowatumia. Nilikuta msingi wa mawe usiomalizwa na mbuzi.

Kwa hiyo ukipangiwa nyumba na mtu usiyemjua, usiridhike na picha. Omba simu ya video, aanzie barabarani, aingie getini, atokee ufukweni. Na uangalie kupwa na kujaa kwa siku hiyo, ratiba zipo bure mtandaoni. (Na hata kama mwenye nyumba ni mkweli, mwambie mgeni wako mapema kwamba upande wa mashariki bahari huondoka kwa saa kadhaa. Wapo wanaofika Jambiani mchana wakadhani wametapeliwa kumbe maji yamekupwa tu.)

Tukabaki na bima. Jamaa akanitumia vile vyeti. PDF safi, nembo ipo, majina ya wageni yapo. Namba ya cheti cha mume na ya cheti cha mke ni ileile, tarakimu kwa tarakimu. Na kwenye cha mke herufi za jina zimenenepa kuliko maandishi yaliyobaki. Mtu kafuta jina la mwenye cheti, kabandika la mke.

Kwa asiyejua: tangu Oktoba 1, 2024, mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar anatakiwa awe na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Mtu mzima dola 44, watoto nusu ya hapo, na inadumu siku 92. Bima aliyokata kwao, hata iwe ya ghali vipi, haichukui nafasi ya hii. Wengi wanalisikia jambo hili siku mbili kabla ya safari, wanahaha, na tapeli anawangoja hapohapo na bima ya dola 25, "ofa ya wenyeji". Kitu cha lazima chenye bei iliyopangwa na serikali kinapata wapi ofa? Mgeni aikate mwenyewe kwa kadi yake kupitia visitzanzibar.go.tz. Wale Wajerumani walikata upya wakiwa bado Dar, wamekaa kwenye benchi wakisubiri boti ya mchana. Kadi "inayogoma" ilikubali mara ya kwanza.

Viza ni hivyohivyo: immigration.go.tz, dola 50 kwa wengi na 100 kwa Wamarekani. Tovuti za .com na .org zenye bendera yetu na twiga zinatoza zaidi ya hapo. Tazama mwisho wa anwani, uwe .go.tz.

Habari za ziara za bei poa za visiwa vya Mnemba na Changuu siziingilii leo. Huko angalau papasi unamwona uso.

Ukishatuma pesa ukagundua, usianze kubishana naye. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako papo hapo waizuie kabla haijatolewa, kisha nenda polisi na ujumbe wa muamala. Namba yake iripoti kwenda 15040, namba fupi ya kuripoti utapeli wa simu. Jamaa yangu alichelewa, pesa ya bima na tiketi ilishatoka. Salio la nyumba ndilo lililosalimika.

Tangu hapo ile namba haipatikani, lakini picha nimeziona tena wiki hii kwenye ukurasa mwingine wenye jina jipya, na nyumba safari hii imehamia Nungwi. Ziko vilevile: ngazi tatu nyeupe, mnazi ulioinama kushoto, kiti cha kamba chenye mto wa njano. Ukizikuta, hifadhi picha ya ukurasa pamoja na namba kabla hajakufungia, kisha uripoti.