Betri tatu, mota moja: uzoefu wangu kwenye hori ya Kilifi

Boti yangu ni ya faiba, futi 13, ya kuvulia changu na tewa jioni nikitoka kazini. Mota ni ya umeme, Minn Kota yenye msukumo wa paundi 55, volti 12. Haina moshi wala makelele, na ukirambaza polepole unasikia maji tu. Mota haijawahi kunisumbua. Betri ndizo zilizonila pesa.

Ya kwanza niliitoa kwenye gari, N70. Ilipofika mwezi wake wa tatu haikuweza hata kunitoa ufukoni. Betri ya gari imeundwa kutoa moto mwingi kwa sekunde chache, injini ikishika irudishiwe. Sahani zake ni nyembamba. Mimi nilikuwa naikamua hadi tone la mwisho kila Jumamosi.

Ya pili ilikuwa AGM ya sola, yaani betri ya risasi iliyofungwa, ampea-saa 100 (Ah), kilo 30 hivi (mgongo wangu unaikumbuka). Mota ikifunguliwa yote hunywa kama ampea 50, basi nikajipigia hesabu ya saa mbili. Wapi! Zile 100 za ubavuni hupimwa betri ikitoa ampea 5 kwa saa 20. Ukiivuta kwa nguvu, inatoa pungufu sana. Na betri ya risasi ukitaka idumu, usiishushe chini ya nusu. Kwangu zilibaki dakika 40 hivi za mbio.

Jioni moja ya bamvua, maji yakipwa kwa kasi, nilijaribu kurudi juu kupita darajani. Propela inazunguka, nguzo ya daraja iko palepale ubavuni mwangu. Mzee mmoja mwenye mtumbwi akanirushia kamba.

"Petroli imekwisha?"

"Imekwisha moto, mzee."

Alicheka mpaka tukafika.

Sasa nina lithiamu, ile yenye alama LiFePO4, ampea-saa 100. Bei ilikuwa karibu mara tatu ya AGM, lakini ina kilo 12 tu, naibeba kwa mkono mmoja. Huu ni msimu wa pili na sijaona ikichoka. Kasi namba tatu ya mota inakula ampea 20 kwenye kipimo changu. Navua kwa muda wa saa nne na bado nabakiwa na akiba.

Kasoro yake: haikuagi. Volti hukaa 13 na kitu muda mrefu, kisha bodi ya kinga iliyo ndani inakata ghafla, kimya. Usitegemee kusoma volti kama ulivyozoea. Tafuta kipimo kinachohesabu ampea zilizotoka. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji bodi hiyo inaruhusu ampea ngapi mfululizo. Ikiwa 50, mota kama yangu itaikatisha kila ukifungua yote. Yangu inaruhusu 100.

Chaja ya zamani niliiweka kando, nikanunua ya lithiamu inayofika volti 14.6. Fyuzi ya ampea 60 iko karibu kabisa na betri, na vichwa vya betri navipaka grisi, maana chumvi ya hapa haina huruma. Wakati wa kusi, nisipotoka, naiweka ndani ikiwa na nusu ya chaji.

Ile AGM nilimpa jirani. Anawashia taa za banda la kuku, na hapo haina kosa.