TAHADHARI: "Jeli ya gegedu" ya elfu 85 imemuunguza mama yangu magoti

Ndugu zangu, kama una mzazi anayelalamika magoti, soma hapa kabla hujatuma hela kwa mtu yeyote. Mimi nimeshaliwa. Hiyo elfu 85 nimeisamehe, ngozi ya mama yangu ndiyo sijaisamehe.

Nililiona tangazo kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Mzee katupa fimbo, anapanda ngazi huku anacheka. Maneno ni yale yale mnayoyajua: ute umekauka, gegedu (ule mto laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) limesagika, jeli hii ina kolajeni (protini inayojenga ngozi na gegedu) na mimea asilia 17, inapenya mpaka kwenye mfupa ndani ya dakika 3. Nikaandika neno moja tu, "bei?", na hata sijashuka kituoni nikapigiwa. Sauti ya kike, ya upole, anajiita dokta. Akaniuliza mama ana umri gani, goti linalia akiinuka, analala upande gani, anakula nini usiku. Nawaambia ukweli, hospitali sijawahi kuulizwa kwa utulivu ule. Dozi kamili eti makopo 3, ila "kwa ajili ya mama yetu" naweza kuanza na moja. Lipa namba ilipokuja ilikuwa na jina la mwanamume. Hapo ningeshtuka. Sikushtuka. Jioni bodaboda akaleta mzigo, asubuhi nikaupakia kwenye basi la Morogoro.

Siku ya kwanza mama alinipigia mwenyewe. "Mwanangu, hii inaingia mpaka kwenye uboho." Kwanza ubaridi, halafu joto linapanda taratibu. Nilifurahi nikamwandikia yule dada ujumbe mrefu wa shukrani, naye hakulaza damu, akaubandika kwenye ukurasa wake siku hiyo hiyo kama ushuhuda.

Siku ya nne maumivu ya usiku yakarudi kama kawaida. Nikampigia. Akasema mama anapaka kidogo mno: apake nene, afunge nailoni, juu yake aweke chupa ya maji ya moto ili vinyweleo vifunguke. Mama yangu ni mtu wa kufuata maelekezo. Usiku wa manane ngozi ikaanza kuwaka, na hadi alfajiri magoti yote mawili yalikuwa na malengelenge, moja likiwa limeshapasuka. Nilituma picha. Jibu nililopata ni hili: "Dada, usiogope, hiyo ni sumu inatoka. Usimwachishe." Nilipouliza kwenye kopo kuna nini hasa, nikafungiwa. Hata picha yake ya wasifu siioni tena.

Zahanati walimsafisha na kumfunga vidonda, kisha mfamasia akaomba kopo alione. Aliligeuza huku na huku. Halina viambato, halina namba ya toleo, halina tarehe ya kuisha, halina aliyelitengeneza. Lina picha ya jani. Akalinusa, akasema harufu ni ya dawa ya kuchua ya kawaida, ila kilichomo kwa hakika kitajulikana maabara tu. Halafu akanieleza jambo ambalo ningelijua mapema nisingeliwa, nami nawapa kama nilivyolielewa.

Ule ubaridi si dawa inayopenya. Mentholi, ile ya mnanaa, inaigusa mishipa ya fahamu inayohisi baridi, ubongo unaambiwa "baridi" wakati goti halijapoa hata kidogo. Joto nalo ni hivyo hivyo, linatokana na vitu kama methili salisileti au kapsaisini, ile ya pilipili. Unapata nafuu ya muda kwa sababu ubongo una habari nyingine ya kusikiliza. Sasa muuzaji anauza hisia ile kama ushahidi: umehisi, basi imeingia. Na mama yangu, na mimi, tukajazwa.

Vitu hivi vinaweza kuunguza kweli. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu dawa za kuchua zinazouzwa bila cheti zenye mentholi, methili salisileti na kapsaisini, baada ya watu kuungua ngozi, wengine baada ya kupaka mara moja tu, na wapo waliolazwa. Onyo lenyewe lilikataza kufunga sehemu iliyopakwa kwa bendeji ya kubana au kuiwekea joto. Yaani mambo mawili yale yale aliyoelekezwa mama yangu, kwa pamoja!

Na kolajeni? Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba kuliko unywele, lakini ni ukuta hasa: seli zilizokufa zimepangwa kama matofali, katikati yake mafuta yameziba kama udongo wa kujengea. Wanaotengeneza dawa za kupaka wana kanuni yao kwamba molekuli ikizidi uzito wa daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli), haipiti vizuri. Diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe, ni kama 300, ndiyo maana jeli yake ipo na inafanya kazi, tena kwa kusaidiwa na pombe au propilini glaikoli iliyochanganywa humo. Kolajeni nzima ni kama 300,000. Ndiyo ngamia na tundu la sindano. Hata ingepita, hakuna jeli inayootesha gegedu.

Sisemi jeli zote ni utapeli, na ndipo matapeli wanapotupatia: wanajificha nyuma ya kitu cha kweli. Jeli ya diklofenaki ya asilimia 1 ni dawa halali. Goti la mtu mzima linapakwa gramu 4, mara 4 kwa siku, kwenye ngozi nzima isiyo na kidonda, halifungwi nailoni. Katika damu inafika sehemu ndogo sana, karibu asilimia 6 ya ile inayofika ukimeza vidonge, kwa hiyo wazee ambao vidonge vinawasumbua tumbo hupewa hii. Lakini inaweza kuchukua hadi siku 7 ndipo uone tofauti. Siku 7, si dakika 3. Dukani Morogoro tube yake haikufika elfu kumi. Niliona aibu kuuliza mara mbili.

Mfamasia aliniuliza pia kama mama anatumia dawa ya kuyeyusha damu. Hatumii, ila nalisema kwa wenye wazazi wanaotumia wafarini: methili salisileti ikipakwa kwa wingi huingia kwenye damu na inaweza kuwasababishia kutoka damu ovyo. Mjamzito aliyefika wiki ya 20 naye asijipakie jeli yoyote ya maumivu bila kumuuliza daktari.

Neno "asilia" lisiwalaze usingizi. Mwaka 2022 hao hao FDA walivipima vidonge vya Artri King, vilivyokuwa vikiuzwa kama kirutubisho cha viungo, wakakuta ndani diklofenaki na deksamethasoni (dawa kali ya jamii ya steroidi) ambazo hazikuandikwa popote kwenye chupa. Kwa kopo langu lenye picha ya jani, siwezi hata kukisia.

Mtaniuliza kwa nini simtaji. Jina la ukurasa limeshabadilika mara mbili tangu anifungie, kwa hiyo jina halitawasaidia. Mtambueni kwa tabia: anapiga simu kabla hujaomba, ni dokta ambaye hasemi anafanya kazi wapi, hana duka, lipa namba ina jina la mtu mwingine, na ukilalamika utaambiwa sumu inatoka. Kopo nimelitunza na mabaki yake, pamoja na picha na risiti ya malipo, nalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Mwenye kopo kama hili asilitupe, naye apeleke. Kama bado unapaka, acha leo, osha kwa maji mengi na sabuni, na ngozi ikiwa imevimba au kutoka malengelenge nenda zahanati na kopo mkononi.

Mama anaendelea vizuri, ngozi inaota, ingawa goti la kulia litabaki na baka. Nimeomba mtu mwingine anifungulie ukurasa mpya wa yule dada. Mzee wa fimbo yupo, safari hii eti anatoka Mwanza. Na chini yake kuna ule ushuhuda unaoanza, "Mama yangu alikuwa hawezi hata kuchuchumaa." Huo ni wangu. Msiuamini.