Uzoefu wangu na hemu ya Krismasi: nusu paja, yenye mfupa

Tangu nihamie Marekani nimeandaa hemu ya Krismasi mara tatu, na ni safari hii ya tatu tu ambapo wageni waliomba kuongezewa. Kwa asiyeifahamu, hemu ni paja la nguruwe lililokolezwa chumvi na, mara nyingi, kufukizwa moshi, kwa hiyo aliyezoea kitimoto ya kukaanga asitarajie ladha ileile. Zilizo nyingi huuzwa zikiwa zimekwisha kuiva kiwandani, na kazi inayobaki ni kuipasha nyama bila kuikausha. Kazi hiyo niliidharau, nikaadhibika.

Mwaka wa kwanza nilinunua iliyokwisha kukatwa vipande vyembamba kuuzunguka mfupa, kwa kuwa ilipendeza macho na haikuhitaji ustadi wa kisu. Vipande vile ndivyo vilivyoniponza: joto lilipenya katikati yake, majimaji yote yakaishia kwenye sinia, nasi tukala kitu kilichokaribia kuwa ng'onda. Mwaka uliofuata nilifuata bei. Duka la jirani liliuza hemu isiyo na mfupa, ya mviringo kama mpira, ambayo ilipopata moto ilitoa maji kikombe baada ya kikombe, na nyama iliyosalia ilikuwa tepetepe kama soseji. Lebo ilikuwa imeyasema hayo waziwazi, ila sikuisoma.

Kwa kanuni za Marekani, jina linaloandikwa kwenye lebo hutegemea kiasi cha protini katika nyama ikiondolewa mafuta. Inayoitwa hemu tu, bila maelezo zaidi, lazima ifikie asilimia 20.5, inayoelezwa kuwa na majimaji yake ya asili, 18.5, iliyoongezwa maji, 17, na iliyo chini ya hapo huuzwa kwa jina la mchanganyiko wa hemu na maji. Nilichagua ya daraja la pili, maana ya kwanza sikuiona dukani. Nilichukua nusu ya chini ya paja, upande wa muundi, yenye uzito wa ratili 9, yaani kilo 4 hivi. Nusu ya juu ina nyama nyingi zaidi, lakini mfupa wa nyonga umepinda ndani yake na humsumbua anayekata. Huku chini mfupa ni mmoja, umenyooka, na mafuta yake huilinda nyama isikauke.

Niliiweka kwenye sinia, upande uliokatwa ukitazama chini, nikamimina kikombe kimoja cha maji ya nanasi, nikaifunika kwa foili na kuiingiza katika oveni ya nyuzi 163 za Selsiasi. Nusu paja lenye mfupa huhitaji dakika 18 hadi 24 kwa kila ratili, na langu lilichukua saa 3 kasoro kidogo. Hata hivyo, saa ya ukutani si ya kuaminiwa sana: nunua kipimajoto cha nyama, ukichome katikati pasipo kugusa mfupa, na ukisoma nyuzi 60, epua. Kiwango hicho ni cha hemu iliyoivishwa na kufungashwa kiwandani. Ikiwa mbichi, ni nyuzi 63 na kuiacha itulie angalau dakika 3. Zile za Virginia zinazokaushwa kwa chumvi tupu ni habari nyingine kabisa, kwani hulowekwa kwa saa nyingi kabla ya kupikwa.

Dakika 25 za mwisho niliondoa foili, nikayachanja mafuta ya juu kwa mistari ya kukatizana, nikachomeka karafuu kwenye kila makutano, kisha nikapaka rojo la sukari guru, haradali na maji ya nanasi. Ukilipaka mapema zaidi, sukari huungua na kuwa chungu. Wenyeji hutumia sukari ya kahawia, lakini guru kutoka duka la Wahindi ina harufu nzito inayopatana na moshi wa nyama, na karafuu zangu zilikuwa za Pemba, zilizofichwa sandukuni na mama mkwe.

Kasoro ninayoiona ni chumvi. Wali wa kando usitiwe hata chembe, na pilau, ambayo ina viungo vyake, hushindana nayo badala ya kuisindikiza. Ndizi za kuchemsha zilifaa zaidi. Mabaki niliyatia kwenye friji kabla ya saa 2 kupita, yakaliwa kwa siku 3, na ule mfupa ukaingia chungu cha maharage.