Makumbusho ya Taifa, bustani na pantoni: siku moja ya watoto katikati ya Dar es Salaam

Tulishuka kwenye mwendokasi katika kituo cha Posta ya Zamani saa tatu na nusu asubuhi, Jumamosi moja ya mwezi wa Julai, tukiwa wanne: mimi, mama watoto, kijana wetu wa miaka tisa na mdogo wake wa kike wa miaka mitano. Nilikwisha kuwapeleka watoto hawa mjini mara mbili kabla ya siku hiyo, na mara zote mbili tulirudi nyumbani tumenuniana, kwa sababu nilipanga sehemu tano kwa siku moja kana kwamba naongoza msafara wa watalii. Safari hii nilichagua sehemu kuu moja tu, yaani Makumbusho ya Taifa yaliyopo Mtaa wa Shaaban Robert, na nikahakikisha kwamba kila kitakachofuata kiwe jirani, cha kufikika kwa miguu ya mtoto wa chekechea.

Makumbusho haya yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, yakiwa kumbukumbu ya Mfalme George wa Tano wa Uingereza. Kwa familia ya Kitanzania gharama si kikwazo, kwa kuwa kiingilio cha raia ni kidogo kikilinganishwa na cha wageni kutoka nje, na watoto hulipa pungufu. Muda wa kutosha ni saa mbili. Mzazi anayetaka kusoma kila maelezo ukutani aje siku nyingine peke yake, maana mwenye miaka mitano hasimami mbele ya kabati la kioo zaidi ya dakika mbili, isipokuwa ndani yake mna kitu chenye meno.

Na meno yapo. Sehemu ya chimbuko la mwanadamu ndiyo inayostahili kupewa muda mrefu kuliko zote, na ningeshauri ianzwe nayo watoto wakiwa bado na nguvu. Habari kubwa pale ni ya fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa na Mary Leakey katika Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, ambalo umri wake ni takriban miaka milioni 1.75. Jina lenyewe limetokana na Zinj, neno ambalo Waarabu wa kale walilitumia kuitaja pwani yetu hii, jambo ambalo kijana wangu alilipokea kwa fahari kama vile fuvu ni la ukoo wake. Kilichomvutia mdogo wake ni magego, mapana kupita kiasi ukiyalinganisha na ya kwetu, ambayo yalimfanya kiumbe huyo abandikwe jina la utani la mpasua karanga. Binti alikaa akiyatazama kwa muda, kisha akaniuliza, “Baba, huyu alikuwa anapiga mswaki?” Sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, lakini lilitufikisha kwenye mazungumzo marefu kuhusu vyakula vigumu, mizizi na majani, ambayo maandishi ya ukutani yasingeyaibua.

Hapohapo niliwasimulia habari za nyayo za Laetoli, zilizoachwa na viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua, miaka ipatayo milioni 3.6 iliyopita. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nimewachorea nyayo hizo kwa chaki sakafuni, na maandalizi hayo yalilipa, kwani binti alivua kandambili yake, akaweka mguu wake sambamba na wa kaka yake juu ya sakafu ya makumbusho, akatangaza kwamba wa kwake ndio unaofanana na zile za kale kwa kuwa una vumbi. Mwenye watoto wa umri huu asije pale bila hadithi mkononi.

Kijana, kwa upande wake, alitekwa na magari. Lipo gari la Rolls-Royce lililotumiwa kwanza na serikali ya Mwingereza na baadaye na Mwalimu Nyerere, na alilizunguka mara nne akijaribu kuona ndani. Sehemu ya biashara ya utumwa tuliipita haraka kwa makusudi. Si kwamba watoto wasiambiwe, bali kwa mwenye miaka mitano inataka mzazi aliyekwisha kupanga maneno yake. Nje, kwenye eneo la makumbusho, kuna kumbukumbu ya watu 11 waliouawa hapa jijini katika shambulio la ubalozi wa Marekani la tarehe 7 Agosti 1998. Pale tulisimama kimya kidogo, nikamweleza mkubwa kwa sentensi mbili, akaridhika.

Kutoka hapo ni hatua chache tu hadi Bustani ya Mimea, upande wa Barabara ya Samora, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Haina bembea wala michezo, na wapo wazazi watakaoiona imepooza, lakini baada ya saa mbili ndani ya kuta watoto hawahitaji bembea. Wanahitaji kivuli na mahali pa kukimbia bila kukaripiwa. Bustani hii ina mnazi wa Shelisheli, ambao mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani na inaweza kupita kilo 20, uzito ambao niliueleza kwa kumwambia binti kwamba ni zaidi ya yeye mwenyewe.

Kosa la siku lilikuwa chakula. Mama watoto alishauri tufungashe vitumbua na mayai ya kuchemsha, mimi nikasema tutakula mjini. Tukaingia mgahawa mmoja wa katikati ya mji, ambao sitautaja, tukaagiza chipsi kuku saa sita na robo na kuletewa saa saba na dakika ishirini, kuku akiwa bado na damu mfupani. Wakati huo binti alikuwa amekwisha kulia, akanyamaza, akalia tena. Beba chakula, na maji ya kutosha kuliko unavyodhani, hata ukija kipindi cha kipupwe, ambacho kwa maoni yangu ndicho pekee kinachofaa kwa matembezi haya. Mwezi wa Januari jua la Kivukoni halina huruma na mtoto.

Kilichoiokoa siku ni pantoni ya Kigamboni. Tangu daraja lilipofunguliwa mwaka 2016 wapo wanaoiona kama adha ya wasiokuwa na njia nyingine, lakini kwa mtoto hakuna mchezo wa kulipia jijini unaoifikia: mlango wa chuma unashuka kwa kishindo, magari, mikokoteni na watu wanaingia pamoja, honi inalia, mji unaanza kurudi nyuma. Tulivuka saa nane mchana, msongamano ukiwa mdogo. Saa za watu kwenda na kutoka kazini nisingethubutu, kwa sababu abiria hukimbilia mlangoni kabla chombo hakijatulia, na mtoto mdogo hawezi kuonekana katikati ya magoti ya watu. Hata mchana ule nilimbeba mgongoni. Wakati tunavuka ilipita meli ya mizigo ikielekea bandarini, ndefu kiasi kwamba kijana alihesabu makontena hadi akachoka. Ng'ambo tulikunywa madafu, tukageuza na pantoni ileile. Wala hatukwenda ufukweni, ingawa niliombwa sana, maana ufukwe ungeongeza saa tatu na mchanga kwenye nguo za watu waliokwisha kuchoka.

Kijiji cha Makumbusho kilichopo Barabara ya Bagamoyo, chenye nyumba za asili za makabila mbalimbali, tumekiwekea siku yake. Kwa matembezi haya tulitumia jumla ya shilingi 58,000 kwa watu wanne, na zaidi ya nusu ya fedha hizo ziliishia kwa yule kuku.