Nilimlipa elfu 60 anisafishie stori, uzoefu wangu na ofisi moja ya "editing" hapa Moshi

Naanza na nyota kabisa ili wasiopenda maneno mengi waondoke. Moja. Nilitaka kuweka sifuri haikubali. Huko chini kuna sehemu mtaona kama nalegea, msinisikilize, rudini hapa juu.

Jina la ofisi sitaji. Ni mjini, ghorofani, unapanda ngazi unawapita mafundi cherehani wawili na kijana anayetengeneza simu, wanaopajua wameshapajua. Wanaandika CV, barua za kuomba kazi, barua za ubalozi, na kwenye bango wameandika na "editing" kwa rangi nyekundu. Mi nilifuata hiyo nyekundu.

Kwa wasionijua, mchana nauza duka la dawa Majengo. Kati ya mteja wa panadol na mteja wa pampasi naandika stori kwenye kaunta buku. Na stori zangu sio za mapenzi, ni zile za mambo ya kufikirika, miaka mia ijayo, wafu wanaongea, mashine ina wivu, vitu kama hivyo. Mama anaziita stori za homa. Majarida ya hizi stori mengi ni ya Marekani na yako mtandaoni, na uzuri wake hayakudai hela ya kukusoma, yenyewe ndo yanakulipa ukikubaliwa. Chama cha waandishi wa huko kinahesabu malipo ya kueleweka ni kuanzia senti 8 za dola kwa neno, sasa piga mwenyewe maneno 4,000, dola 320, kama laki nane hivi za kwetu. Laki nane kwa kukaa na kalamu! La Waafrika wenyewe, Omenana, lilianza 2014, na tuzo za Nommo za stori hizihizi za Waafrika zipo, kwahiyo msije kuniambia nimechanganyikiwa, mama ameshaniambia.

Kulipwa lakini sijawahi. Nimekataliwa mara 23, zote nimeziandika nyuma ya kaunta buku pamoja na siku nilizosubiri. Ya haraka kuliko zote ilinirudia kabla chai haijapoa, ya kuchelewa ilimaliza siku 140 na ushee, na muda wote huo huruhusiwi kuipeleka kwingine maana mengi yanakataza stori moja kuwa sehemu mbili, ni kama posa yaani, umeshapokea mahari ya watu huku huwezi kuchungulia kule. Hilo silalamiki. Nimezoea. Kinachoniumiza ni Kiingereza changu, nimesoma shule ya kata, nikiandika sentensi ndefu inaanza imesimama inaishia imelala. Ndo nikasema safari hii nitafute mtu aninyooshee.

Stori yenyewe ni ya bibi mmoja wa Kibosho. Theluji ya mlimani imeisha, mifongo, ile mitaro ya maji ya kwetu, imekauka, maji hayashuki tena vihambani, ila usiku ile mifongo bado inashusha kitu, inashusha sauti za waliokufa, na watu wanagombea zamu ya kusikiliza vilevile walivyokuwa wanagombea zamu ya maji. Bibi anaiba zamu ya jirani ili amsikie mwanae. Asubuhi anapeleka jani la isale kwa jirani kuomba msamaha. Basi. Wachaga wenzangu mnajua isale likishafika mlangoni kwako huna ujanja tena.

Niliiandika miezi minne. Nikaipeleka kwenye flash, elfu 60, nikatoa 30 mbele. Huyo kaka (nitamwita Kaka tu, ana adabu za mtu mzima mpaka umlipe) akaniambia siku tatu. Sikumbuki tarehe, ni kipindi cha masika, ngazi zilikuwa zimejaa matope ya viatu.

Siku tatu zikawa sita. Deadline ilikuwa saa 6 usiku ya Marekani upande wa mashariki, kwetu ni saa 1 asubuhi, wakirudisha saa zao nyuma kule inakuwa saa 2, hesabu hiyo mi naijua kuliko ratiba ya misa. Usiku mzima napiga simu. "Naimalizia dada yangu." "Ipo mwishoni mwishoni dada yangu." Umeme umekatika tangu jioni, simu ina asilimia 19, mi nimekaa kitandani nasikiliza mvua kwenye bati kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Saa 12 na dakika 40 asubuhi WhatsApp ikalia. Faili hilo hapo. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona jina langu limekaa vizuri juu kushoto, idadi ya maneno kulia, mistari imeachana kama wanavyotaka, nikapumua. Nikaenda kwenye fomu nikapakia. Kuna swali pale chini linauliza kama umetumia akili mnemba, hii AI, hatua yoyote ya kazi yako. Nikaweka tiki kwenye hapana. Mswaki upo mdomoni. Nikatuma dakika saba kabla.

Sikuisoma. Hapo kosa ni langu, nimeliandika mara moja na sirudii.

Baada ya wiki kama mbili likaja jibu, na halikuwa lile jibu la kawaida la asante lakini hapana. Lilisema kazi hii inaonekana imeandikwa au kusaidiwa na mashine, hawapokei, na wasingependa niwatumie tena kitu. Mistari mitatu. Nililisoma nimesimama kaunta na kuna mama anasubiri dawa ya minyoo.

Ndo nikafungua faili nikasoma.

Jamani. Mle ndani kuna neno tapestry. Mara tatu. Mi sijawahi kulitumia hilo neno tangu nizaliwe, nilienda kwenye kamusi, kumbe ni kama zulia linatundikwa ukutani. Bibi wa Kibosho na zulia la ukutani wapi na wapi, bibi ana kalenda ya parokia. Mifongo imekuwa njia za kale zinazonong'ona. Isale limekuwa mmea mtakatifu wa mababu. Halafu sehemu yenyewe sasa, ile niliyoiandika usiku mmoja nikalia: bibi hajasikia sauti ya mwanae miaka kumi, ameiba zamu ya watu, amepiga magoti kwenye tope, anaisikia ile sauti, na anachomuuliza ni kitu kimoja tu, umekula? Wameitoa. Wamempa bibi hotuba. Mistari kumi na moja nimehesabu, kuhusu upendo na muda na kumbukumbu, bibi anaongea kama mgeni rasmi.

Nikafunga duka mchana, kitu ambacho sifanyi, nikaenda.

Kaka alikuwa anakula chapati na supu. Nikamuuliza taratibu tu, Kaka, hii stori uliihariri mwenyewe? Hakuinua kichwa. Akasema "dada yangu, stori yako ilikuwa na bibi anaongea na mtaro, ulitaka niiache hivyo?" Kuna vijana wawili wamekuja kuchapa CV wakacheka. Nikamwambia ulitumia mashine. Akafuta mdomo, akasema, na haya maneno nayaandika kama yalivyo, "sasa mashine si imeandika vizuri kukuzidi?"

Ningekuwa na jibu ningelitoa. Sikuwa nalo. Nimelipata siku tatu baadaye naoga.

Akaendelea, eti kama wamekufungia fungua imeili nyingine weka jina lingine, kwani Mzungu anakujua? Nikajaribu kumwelezea kwanini kule wamekuwa wakali, kwamba mwaka 2023 Clarkesworld, moja ya majarida makubwa ya hizi mambo, lilifunga milango kwa muda mwezi wa pili kwa sababu ya watu wanaotuma stori zilizoandikwa na mashine, zilifika kama 500 mwezi huohuo na mwezi haujaisha, mhariri wao Neil Clarke mpaka akaandika hadharani. Watu wamesikia huko unalipwa kwa neno wakadhani ni shamba la bure. Kwahiyo wale wasomaji wa majarida wanaopitia foleni ya stori sa hivi pua zimekuwa kali, na mimi nawaelewa, ningekuwa mimi ningenifungia pia. Kaka akaniambia "pole" kwa ile sauti ya kukufukuza, akanikumbusha nimebakiza elfu 30.

Na nikalipa. Ndio, nikalipa! Kulikuwa na watu, niliona aibu. Nimeshuka zile ngazi nikagundua na flash yangu nimeiacha.

Sasa tuwe wakweli kidogo. Mdogo wangu walimwandikia CV hapohapo akaitwa kwenye usaili na kazi akapata. Bei za kuchapa ni za chini. Kijana wa mapokezi ana heshima sana, shikamoo kwa kila mtu. Kwa CV nawapa nyota tatu. Hata nne. Nikiwa na hasira kidogo ni mbili. Unajua nini, CV haina bibi ndani yake, ndo maana.

Na lingine, hili ndo linanikosesha usingizi. Kwenye lile faili kuna kosa langu moja walilirekebisha kweli. Mwanzo wa stori niliandika mwezi mchanga, kurasa nne mbele usiku uleule nikaandika mwezi mpevu unamulika tope. Miezi minne naisoma sikuona. Mashine, au Kaka, mi sijui nani, aliona. Nikarudi kwenye kaunta buku kunakili stori yangu upya kwa Kiingereza changu kilekile kibovu, umekula ikarudi mahali pake, isale likarudi kuwa isale, nikafika kwenye mwezi mkono ukaganda. Nikiurekebisha, si nimesaidiwa? Nikiuacha, si natuma kosa ninalolijua? Na ile fomu inauliza hatua yoyote. Sio hatua nyingi. Yoyote.

Imeili mpya na mimi nilianza kuifungua, nisiwadanganye. Nilifika kwenye jina nikaandika la binamu yangu. Nikalitazama. Nikafuta. Kama ni kukataliwa mara ya 24 nataka nikataliwe mimi.

Mwezi nimeutoa wote. Usiku mzima wa stori nimeweka mawingu, bibi anapapasa gizani mpaka anaufikia mfongo kwa kuusikia tu, na huku kwetu mawingu ya mlimani nani atabisha. Juzi nimeipeleka jarida lingine, nimefika kwenye lile swali, safari hii sina mswaki, nimekaa nalo mpaka simu ikazima kioo, nikawasha, nikaweka tiki hapana. Naamini ni hapana. Ni siku ya tatu leo, kimya.

Nyota ibaki moja. Na flash yangu naitaka, nyekundu, GB 8, imefungwa uzi wa kiatu. Mwachie yule kijana wa mapokezi, Kaka, usinipigie simu.