Nyumba mbili za Hemingway: kuingia ndani au kuchungulia?

Mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway aliacha nyumba mbili ambazo leo ni makumbusho. Ile ya Key West, Florida, alikoishi miaka ya 1930, unaingia na kupita chumba kwa chumba, huku paka wenye vidole sita wakikukatiza njia. Nadhani wapo wanaotoka wakiwakumbuka paka kuliko vitabu. Finca Vigía, nje kidogo ya Havana, Kuba, ni kinyume: mgeni huchungulia kupitia madirisha na milango iliyo wazi. Inaudhi kidogo, lakini hakuna wa kugusa maelfu ya vitabu vyake, taipureta, wala vichwa vya wanyama aliowawinda. Mashua yake, Pilar, nayo ipo uwanjani. Mimi ningechagua kuchungulia.