TAHADHARI: Fundi wa "povu la kuinua zege" anazunguka Chuno na Shangani, kanipiga 450,000

Jamani wana Mtwara, mnaotaka kucheka chekeni kwanza mmalize. Nimepigwa. Mimi, niliyemsema dada kutwa nzima alipopigwa na yale mambo yake ya majiko.

Baraza letu mnalijua, ile kona ya mpapai ilivyotitia na ufa juu, na mama na mguu wake ule mbovu tangu Ramadhani. Basi kaja kijana, ovaroli safi, kofia ngumu, pimamaji mkononi, shikamoo mpaka anakunja goti, halafu akamgeukia mama na Kimakonde cha Newala chenyewe sio cha kuokoteza. Mama kwisha habari yake. Bei haijatajwa keshapewa korosho kwenye sahani.

Akanionyesha video, Wazungu wanatoboa vitundu kwenye sakafu, wanaingiza dawa, zege linapanda lenyewe. Na hiyo kazi ipo kweli, nimeulizia, sio kwamba nimedanganywa na hewa. Ila lililonimaliza ni hili. Akatoa vichupa viwili, akamimina kidogo kidogo kwenye kikombe cha plastiki, akakoroga na njiti akafunika na kisosi changu. Tukasubiri. Likaanza kuumuka kama unga wa maandazi, kisosi kikapanda kikalalia ubavu, baada ya muda nikaligonga kwa kucha likalia ko ko ko. Nyie mngekataa? Mama kapiga kigelegele! Nikarusha advansi 300,000 nimesimama hapo hapo, hela ya korosho.

Kesho yake wamekuja wawili na drili na begi. Akaniomba maji ya baridi ya dukani, eti vumbi limemkaba. Narudi mashimo yameshazibwa, niru ya saruji imepigwa inang'aa. Akalaza pimamaji, "dada angalia mwenyewe," naangalia kiputo kiko katikati kabisa, nikamalizia 150,000. Kumbe kailaza karibu na mlango, kule ambako hakujawahi kutitia hata siku moja! Na mimi nimeinama nakikodolea kile kiputo kama matokeo ya mtihani ya mtoto. Nikikumbuka usiku najifunika khanga usoni.

Mvua ya kwanza tu kona ikakatika, chini likachungulia povu la njano linanata kama ulimbo. Watoto wakafukua makopo 5 nyuma ya choo, yale ya povu la kuzibia pembeni mwa fremu za milango, dukani naambiwa 15,000 moja!! Mpwa wangu anayesoma ujenzi anasema la kopo linakauka kwa unyevu wa hewani, ukilifungia chini ya zege linabaki bichi, na hata likikauka halina ubavu wa kunyanyua zege. Lile la kweli ni dawa mbili, kama vile vichupa vyake, ila kwenye mapipa mbalimbali, zinapashwa moto na mashine, zinakutana kwenye bunduki ya kupulizia, ndani ya robo saa limeshakaza.

Huyu mtu akamatwe, alale lupango mpaka korosho za mwakani, na hiyo pimamaji wamnyang'anye asiishike tena maisha yake. Polisi nimeshaenda. Kula korosho za mama yangu halafu unamfanyia hivi, huna haya wewe?

Mkimuona anakuja na drili na begi tu bila mashine bila jenereta, fukuza. Risiti hana, nilipoomba akasema "dada tunaandikiana kwani sisi si ndugu". Na hata hakuuliza maji ya paa yanaangukia wapi, wakati ndiyo yanayokomba mchanga pale konani, bati letu halina gata. Hilo hata mimi nalijua sasa.

Shimo nimelifunika na beseni mama asitumbukize mguu. Asubuhi kaniuliza yule kijana wa Newala anarudi lini, amemwekea korosho.